Maharage Thelathini na Saba

Alief, Houston
Novemba, wiki ya pili baada ya Idi

Baba yangu,

Shikamoo. Zaina, wewe unayemsomea, salamu zako ziko mwishoni, usizitafute sasa. Soma polepole, usiruke mstari, hata pale utakapoona kaka yako anajiaibisha. Palepale ndipo nataka baba asikie vizuri.

Baba, macho yanaendeleaje? Yale matone niliyompa yule kijana wa Soni akuletee unayatia, au yamekaa juu ya kabati yakisubiri siku ya kuumwa zaidi? Nakujua. Na kifua? Natumaini vuli zimeanza vizuri na ukungu haujakufungia ndani. Nasikia mlifuturu kwa viazi vitamu kutoka shamba la chini. Mimi huku nilifuturu kwa tende za kwenye boksi na chai, peke yangu, siku nyingi nikiwa nimesimama. Lakini nilifunga yote, alhamdulillahi, na nataka ulikumbuke hilo nikifika kwenye habari yenyewe.

Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio una hasira, na ninaandika kwa sababu jambo hili haliwezi kusemwa kwa kadi ya simu, dakika zinakatika katikati ya neno na nyie mmesimama dukani kwa watu. Utashangaa pia kuona barua inatoka Houston na si Mesquite. Nimehama. Ile kazi ya usafi kule Plano nimeiacha, au yenyewe imeniacha, ukimaliza kusikiliza utaamua wewe.

Nianze na jambo la kukufurahisha, maana mengine yote ni ya kuudhi. Kusini ya Dallas kuna mahali panaitwa Cedar Hill, yaani kilima. Baba, usicheke. Ukikiona wewe uliyezeeka ukipanda Magamba utasema ni kichuguu. Lakini nchi yote hii imelala chapati, kwa hiyo kidogo hicho kinatosha. Siku zangu za mapumziko mwezi wa kumi nilikuwa naendesha gari mpaka pale alfajiri, nasimama juu ya mawe meupe nikiangalia kaskazini. Baridi ya kwanza ikishapiga, ndege wanashuka. Na kati yao wapo ndugu za wale wako, wapekua majani! Wengine ni wakubwa, kifua chekundu cha matofali, wanapita makundi kwa makundi juu ya miti jua likichomoza. Wengine ni wadogo, mgongo wa kahawia, kifua kina madoadoa, na jicho limezungushiwa duara kama aliyetia wanja wa njano. Niliwatambua kabla sijawaona vizuri, kwa ile tabia yao. Anaruka mara mbili, anasimama, anainamisha kichwa, kisha anatupa jani pembeni kama karani anayetafuta faili. Nilicheka peke yangu pale juu. Nikatia mkono mfukoni.

Ndiyo, nilikuwa na maharage. Mekundu, mfuko wa kulia. Kundi la ndege kumi likipita, harage moja linahamia mfuko wa kushoto, vilevile kama ulivyofanya miaka yako yote ya uaskari wa msitu. Nyumbani naandika kwenye daftari. Nilitaka likijaa nikutumie, ulishike tu, najua husomi tena.

Sasa nikueleze lile jengo la Plano. Ni la vioo kutoka chini mpaka juu, ghorofa kumi na mbili, mchana linaonyesha mbingu na miti kama vile miti imo ndani. Taa za juu hazizimwi hata siku moja. Hakuna mtu kule juu, baba. Viti vitupu vimewashiwa taa mpaka kunakucha. Sisi wa usafi tulikuwa tunaingia saa kumi na moja alfajiri na ilitakiwa saa moja, wenye ofisi wakianza kuja, pawe kama hapajaguswa na mkono wa mtu.

Asubuhi ya kwanza ya upepo wa kaskazini nilitumwa kufagia nje, mlango mkubwa. Nikakuta ndege wamelala chini ya kioo. Wapekua majani wadogo, wengi wao, na wengine wachache wa manjano nisiowajua. Shingo zimelegea, miili bado ina joto. Wanasafiri gizani, wanavutwa na zile taa, kukipambazuka wanaona miti ndani ya kioo, wanaifuata. Nilisimama tu na fagio langu.

Mama Neema, yule Mkongomani wa Bukavu niliyewahi kukueleza, ambaye tulikuwa zamu moja, akaja na mfuko mweusi wa taka.

"Kaka Salehe, usisimame," akaniambia. "Iko hivi kila mwaka. Batu ba huku habapendi kuona kitu yenye ilikufa. Tunatosha mbio, tunatia mu sachet, c'est fini." Yaani tuwaondoe haraka, tuwatie mfukoni, yaishe.

"Kila mwaka? Na hakuna aliyesema wazime taa?"

"Nani aseme? Miye?"

Nilimwambia msimamizi wetu, Mutiso, Mkenya wa Machakos. Si mtu mbaya, siku nyingine anatununulia chapati. Akanisikiliza huku anabonyeza simu yake. "Boss, hizo taa ni za design," akasema. "Jengo inafaa ionekane kutoka highway. Wewe clean tu." Nikamwambia mara ya pili, nikamwambia mara ya tatu. Akasema niandike idadi, ataipeleka kwa wenye jengo. Nadhani alisema hivyo ili nimwondokee. Lakini mimi, baba, ukiniambia niandike idadi ya ndege, unaongea na mtoto wa nani?

Basi ikaja asubuhi moja, katikati ya Ramadhani, baada ya mvua na upepo mkali. Nilifika nikakuta wameanguka wengi kupita siku zote, wamesambaa toka mlangoni mpaka kwenye maua. Nikakumbuka ile mvua ya mawe ya Magamba, nilipokuwa na miaka tisa, ulipowaokota ndege ukawapanga juu ya majani ya mgomba, safu za kumikumi, na harage moja mbele ya mdomo wa kila mmoja. Uliniambia mtu anayeinama na kuinuka hupoteza hesabu, na kwamba walio hai wanaweza kuhesabiwa kwa makundi lakini waliokufa wahesabiwe mmoja mmoja. Nikafanya vilevile. Majani yalikuwa yameloa, mahali pakavu palikuwa pamoja tu, ile sakafu ya mawe mbele ya mlango mkubwa. Nikawapanga pale. Safu tatu za kumi, na ya nne ya saba. Thelathini na saba. Kila mmoja na harage lake. Nilitaka Mutiso akifika saa kumi na mbili na nusu aone kwa macho yake, tuandike pamoja, halafu niwatoe.

Siku hiyo Mutiso alikwama barabarani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa naandika kwenye daftari, nimevaa kofia yangu ya swala kwa sababu ya baridi, nanong'ona hesabu. Sikusikia saa inakwenda. Nilipoinua kichwa, wenye ofisi walikuwa wamesimama kwenye maegesho, kama watu kumi na tano, vikombe vya kahawa mkononi, hakuna anayesogea.

Jione wewe ni wao, baba. Mwafrika, kofia, ndege waliokufa kwa safu, maharage, midomo inanong'ona. Nilipoliona walilokuwa wanaliona, nikainuka haraka kueleza, na kuinuka kwangu kukawatisha zaidi.

Akaja mlinzi. Akaja na mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, nywele zimetengenezwa vizuri, mkono kifuani. Akauliza kwa sauti ya mtu anayemsemesha mbwa asiyemjua, "Hii ni nini?" Nikaanza kumweleza, taa, kioo, hesabu. Nikawa naendelea vizuri, wallahi. Na hapohapo, yule ndege wa tatu wa safu ya pili akafumbua jicho.

Hakuwa amekufa! Alikuwa amezimia tu. Akatikisika, akakaa juu ya miguu yake, akanitazama mimi, akalitazama harage lake. Nikasema "Bismillahi!" kwa furaha, kwa sauti kubwa. Akaruka juu, akapita usawa wa sikio la yule mama, akaenda zake kusini.

Yule mama alipiga ukelele ambao bado uko masikioni mwangu. Kahawa ikamwagika. Mtu mmoja kule nyuma akasema "Jesus". Na mimi nikajua nimekwisha, kwa maana mtu anayepanga maiti za ndege wanaweza kumsamehe, lakini anayetamka neno la Kiarabu wakafufuka, huyo hana wa kumtetea.

Mlinzi akaniambia nitoe kila kitu mifukoni. Nikatoa. Funguo, tasbihi, na maharage mkono mzima. Aliyapokea kwenye karatasi kama risasi.

Mutiso alifika akiwa ameloa jasho. Akanivuta pembeni. "Aki wewe Salehe umeniangusha," akasema. "Watu wa third floor wanasema unafanya voodoo kwa entrance. Si ungezitupa tu kwa dustbin?"

"Wewe ndiye uliniambia niandike idadi."

"Nilikuambia uandike! Sikusema uziweke exhibition!"

Mama Neema alikuwa nyuma yake na mfuko mweusi. Aliwaokota ndege taratibu, na nilimwona akiyakusanya maharage yaliyobaki sakafuni upande wake, akayatia kwenye mfuko wa aproni.

Nikapandishwa ghorofa ya pili. Wakanipa karatasi iliyokwishapigwa chapa. Upesi ulioje! Karatasi ya taa waliikosa kwa miaka yote, ya kwangu ilikuwa tayari kwa nusu saa. Ilisema kwamba mimi, jina langu kamili, nilifanya tambiko mahali pa kazi kwa kutumia wanyama waliokufa na vitu vya imani za kienyeji, kwamba niliwatia hofu wafanyakazi, kwamba naomba radhi na sitarudia. Nikitia saini, nabaki na kazi. Nisipotia, nirudishe sare.

Tambiko! Nikiwa nimefunga! Baba, nyumbani neno hilo linachoma nyumba za watu. Hawajui wanachokiandika. Wale ndege thelathini na sita waliowaua wenyewe kwa taa za viti vitupu hawamo kwenye karatasi hata mstari mmoja. Aliyeua hakuandikwa, aliyehesabu ndiye mchawi. Nilisema hivyo, kwa Kiingereza changu cha kupanda na kushuka. Mutiso, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Sign tu, bro. Ni formality. Hakuna mtu huko kwenu ataisoma."

Yule mama wa ofisi, naye hakuwa na ukali tena, labda alidhani ananisaidia, akaniuliza, "Nani alikufundisha mambo haya?"

Zaina, hapa ndipo nilipokuambia usiruke.

Baba, nilipokuwa darasa la tano watoto wa shule walikuwa wanasema wewe ni mwanga. Walikuona asubuhi na mapema ukitoka msituni, mkono nyuma ya sikio, mdomo unahesabu, maharage yanahama mfuko kwa mfuko. Mbuzi wa jirani alipokufa, wakasema ni harage la baba Salehe. Mimi nilikuwa nacheka nao, ili wasinicheke. Siku moja nikasahau daftari la hesabu nyumbani. Ukaniletea. Ulisimama mlangoni mwa darasa na buti zako zenye tope na ile kofia ya kaki. Mwalimu mgeni akaniuliza, "Salehe, huyu ni mzee wako?" Darasa zima likageuka kunitazama. Nikasema, "Hapana. Anafanya kazi kwetu."

Ulisikia. Najua ulisikia, ulikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu, na wewe ni mtu anayesikia ndege upande wa pili wa bonde. Ukamkabidhi mwalimu daftari, ukasema, "Mpe huyo kijana, alilisahau." Ukaondoka. Jioni ukanikatia muwa kama kawaida. Hukuniuliza siku ile, wala siku yoyote, na mimi kwa miaka yote hii nimekaa nalo, nimevuka nalo bahari, sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba sasa. Nisamehe, baba. Ulikuwa baba yangu na nilikukana mbele ya watu kwa sababu ya kicheko cha watoto.

Kwa hiyo yule mama alipouliza nani alinifundisha, nilimwambia, "Baba yangu." Akatikisa kichwa kama aliyemaliza. Nikamwambia, "Hapana, andika. Andika jina lake." Nikamtajia jina lako herufi kwa herufi, la kwako na la babu, na nikahakikisha kwa macho kwamba ameandika sawasawa. Nikamwambia aandike kwamba ulikuwa askari wa msitu, kwamba wazungu wenye vyuo walikuwa wanakuja Magamba na darubini zao na bado wanakuuliza wewe idadi. Kisha nikairudisha ile karatasi yao bila saini, nikavua koti la sare pale pale mezani, nikalikunja vizuri jinsi mama alivyotufundisha, nikashuka ngazi. Lifti sikuitaka.

Sasa usianze kuhangaika. Nimepata mahali. Niko Alief na Wakongomani wawili na Mtanzania mmoja wa Moshi, tunafanya kazi kwenye ghala la vyakula, ghala halina vioo. Hapa Alief unasikia Kiswahili cha kila aina sokoni, na watoto wa watu hawa wanajibu kwa Kiingereza hata ukiwasalimia kwa kupiga magoti. Mutiso alinipigia simu siku ya Idi. Hakuomba radhi sawasawa, alizunguka zunguka, akaniuliza hali ya hewa ya Houston. Nilimjibu ni joto. Bado nina hasira naye, pengine kuliko na wale wazungu, maana wao hawajui maana ya neno lile kwetu na yeye anajua. Taa zinawaka vilevile.

Mama Neema amenipigia pia. Ameniambia kila asubuhi anapofagia, anahesabu. Hapangi sakafuni, ana akili kuliko mimi, anahamisha maharage ndani ya aproni, mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. "Miye nilisema nani aseme," akaniambia. "Basi, nasema kidogo kidogo." Na yale aliyoyaokota siku ile alinipa tulipoagana, yamefungwa kwenye leso.

Nyuma ya nyumba zetu kuna kijito na vichaka. Hapa ndipo ndege wanapopumzika kabla ya kuvuka bahari kwenda kwao kwa joto. Jana asubuhi nilikuwa na chai yangu, nikasikia majani yanatupwa. Mpekua majani mdogo, wanja wa njano. Simwambii mtu kwamba ni yule, sina wazimu huo. Nilimwangalia tu mpaka chai ikapoa.

Zaina, ndani ya bahasha hii kuna leso. Usimsomee baba idadi, ingawa nimeshaitaja. Mwagia maharage kwenye kiganja chake, mwache ahesabu mwenyewe kwa vidole, hata ikichukua asubuhi nzima. Ya mfukoni alichukua mlinzi, na ya sakafuni hayakupatikana yote, nimejazia kwa mengine ya hapa Alief, ndiyo maana mengine ni makubwa. Mekundu ni thelathini na sita. Jeupe ni moja, dogo kuliko yote, vidole vyake vitalijua. Akilifikia jeupe atakuuliza, basi mwambie huyo aliondoka mwenyewe.

Nisalimie mama mdogo, na mwambie ile khanga aliyonifungia zawadi ndiyo shuka langu hapa. Shangazi wa Mlalo na miguu yake. Mjomba fundi cherehani, mwambie suruali alizonishonea mifuko yake ni imara sana, imeshuhudia mengi. Shemeji mume wa Zaina na watoto, na wewe mwenyewe Zaina, pole kwa koo. Na yule jirani aliyefiwa na mbuzi, kama bado yu hai, msalimie kwa jina la baba.

Niombee dua, baba. Mimi nakuombea macho.

Ni mimi mwanao, mtoto wa yule mzee wa maharage, wa Magamba, ambaye jina lake sasa limeandikwa mpaka Plano,

Salehe